Mchumba Wangu, Vienna na Ngome ya Ikoma

Kupendana na mtu aliyeishi Ulaya kuna raha yake na karaha yake. Mchumba wangu, mtoto wa Dar, alisoma miaka miwili Vienna, Austria. Tukikaa tu, stori ni zilezile: Jumba la Schönbrunn lenye vyumba 1,441, ambako Mozart alipiga kinanda mwaka 1762 akiwa na miaka sita; Kanisa la Mtakatifu Stefano na mnara wake wa mita 136. Ni mambo mazuri, sikatai.

Kilichoniuma ni alichosema siku tunapanga tutaishi wapi baada ya harusi. "Mpenzi, tukibaki hapa Morotonga watoto watakua wakiona nini? Nyumbu tu?"

Sikununa. Jumamosi iliyofuata nilimpeleka kwenye magofu ya Ngome ya Ikoma, hukuhuku wilayani Serengeti. Nikamweleza kwamba Wajerumani waliijenga mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wanatawala huku. Mwaka 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza, kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Naumann kilipigana hapo na Wabelgiji. Vita ya Wazungu, kwenye ardhi ya babu zetu.

Akawa anapapasa ukuta, kimya. Ndipo nikamtajia Oscar Baumann, mzaliwa wa huko huko Vienna. Mwaka 1892, kabla ya ngome hiyo kuwepo, alikatiza Serengeti akielekea Ziwa Victoria. Sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe, Wamasai wanakufa njaa. Aliyoyaona aliyaandika kitabuni.

"Mtu wa Vienna alipita akaona watu na misiba yao," nikamwambia. "Wewe unayetaka kuoa huku unaona nyumbu?"

Alicheka, kisha akaniuliza swali ambalo hakuwahi kuniuliza: wazee wetu walipitaje kipindi kile? Nikamjibu hilo akamuulize bibi, naye alisimuliwa na wazee wake.

Bado hatujakubaliana tutaishi wapi. Ila sasa tunaongea kama watu wawili wenye kwao, siyo mmoja mwenye mji na mwingine mwenye pori.

Dada, kaka, kabla hamjachagua pa kuishi, mtembeze mwenzako kwenu. Mwonyeshe mawe, msimulie yaliyotokea. Asiyejua ulikotoka atakuthamini vipi?