Suria na Sura Nne

1 Aprili

Nimepangiwa tena nadharia za sosholojia, mwaka wa kwanza. Muhtasari ni ule ule: tabaka kwa Marx na Weber, dini kwa Durkheim, nafsi kwa Cooley na Mead, kisha jinsia wiki ya mwisho, ambayo kila mwaka humezwa na majaribio. Sura nne, kila moja na mlango wake. Safari hii nataka mfano mmoja wa hapa Unguja niupitishe milango yote minne.

2 Aprili

Nimeupata. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya 6 Aprili 1897, iliyokomesha utumwa Unguja na Pemba. Wengi wanaijua kwa jina, vifungu vyake hawavijui. Haikumwachia huru mtu yeyote papo hapo. Aliyetaka uhuru alikwenda mwenyewe mahakamani kuudai. Akishaupata, aonyeshe kuwa ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Mwenye mtumwa akalipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu.

Halafu kuna kifungu cha masuria. Hao walihesabiwa watu wa ndani, kama wake, na mlango mkubwa wa kutokea ulikuwa kuthibitisha kwamba bwana anawatesa. Wakabaki hivyo mpaka sheria ya 1909. Mjakazi wa shambani aliweza kwenda kudai uhuru wake. Ndugu yake aliyechukuliwa ndani kuwa suria akangoja miaka 12.

4 Aprili

Marx darasani. Mashamba hayakutupa taabu: uhuru ulikuja, mikarafuu ikabaki kwa wenyewe, na walioachwa huru wakaendelea kupalilia chini yake ili waruhusiwe kupanda muhogo wao. Hapo mzee huyu anaona bila miwani.

Binti mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono. “Mwalimu, sasa suria tumweke tabaka gani? Yeye kanunuliwa, na mwanawe ndiye Sultani!”

Darasa likacheka, yeye hakucheka. Ana haki. Watoto wa Sultani Seyyid Said waliomrithi, Barghash akiwemo, wote walizaliwa na masuria. Salme, aliyezaliwa 1844 na baadaye akachapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, mama yake alikuwa Mcherkesi aliyenunuliwa. Nyumba moja, mama mali, mtoto mwana wa mfalme. Nikamwambia alishikilie hilo tufike kwa Weber.

6 Aprili, usiku

Kwa Weber, tabaka ni habari ya soko; hadhi ni habari ya heshima: unavaa nini, unakula na nani, unaoza kwa nani. Kwa mavazi ya hapa anatufaa sana. Kaniki ni pamba iliyotiwa nili mpaka ikawa karibu nyeusi. Mjakazi aliifunga kifuani, kichwa wazi, miguu mitupu. Bibi mwenye nyumba alikuwa na marinda, ukaya, na barakoa usoni. Baada ya 1897 kaniki ikatupwa, ikaingia kanga ya maua, kichwa kikafunikwa, baadaye likaja buibui. Mfukoni hakukubadilika kitu, lakini hadhi ilikuwa inagombewa barabarani mchana kweupe. Marx angeyaita mapambo.

Ila hadhi ya suria si yake. Ameiazima kwa mwanamume, na mwenyewe anaweza kuidai wakati wowote. Weber hakulikalia hilo. Aliyelikalia ni mkewe, Marianne, ambaye mwaka 1907 alichapisha kitabu kikubwa juu ya mke na mama katika historia ya sheria. Durkheim alikihakiki na hakukubaliana nacho. Kwenye muhtasari wetu jina la Marianne halimo.

8 Aprili

Dini. Durkheim hakukanyaga Australia. Kitabu chake cha 1912 alikiandika Ufaransa kwa taarifa za wengine. Hata hivyo hoja yake ina nguvu: watu wakikusanyika, sauti na hatua zikawa moja, kila mmoja huhisi nguvu iliyomzidi, akaiita takatifu; kumbe nguvu hiyo ni jamii yenyewe.

Nimewahi kukaa pembeni ya zikri ya Kadiria, tarika ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza hapa tangu enzi za Barghash, ikawapokea na watumwa. Wanaume wamesimama duara, mikono imeshikana. Pumzi inavutwa kifuani kwa pamoja, vichwa vinainama na kuinuka, mpaka maneno yanayeyuka na kubaki mvumo tu. Katika duara hilo huwezi kujua nani mjukuu wa mwinyi na nani wa mtwana.

Durkheim angeridhika hapo hapo. Marx angeuliza asubuhi yake nani anapalilia mikarafuu ya nani. Weber angesema mwenye neema hutaka dini imwambie kwamba anaistahiki, na mnyonge hutaka ahadi kwamba thamani yake imewekwa pengine. Duara moja likawatosha wote wawili. Lakini lile nililoliona lilikuwa la wanaume.

10 Aprili

Nafsi. Cooley, 1902: najiona katika kioo cha macho ya watu. Katika kitabu chake cha mwaka uliofuata, Du Bois, msomi Mweusi wa Marekani, aliandika juu ya mtu Mweusi anayelazimika kujitazama kwa macho ya wanaomdharau. Tofauti yao ni kwamba kioo cha Cooley kimening'inia ukutani, hakina mwenyewe; Du Bois anauliza kimeshikwa na nani.

Basi yule aliyevua kaniki akavaa kanga: alikuwa anawaiga mabibi wa Mji Mkongwe? Siamini. Mabibi wasingemkubali hata angejifunika vipi. Macho aliyoyataka ni ya wenzake wa mtaa wa Ng'ambo, waliotoka alikotoka, ambao wangejua kanga ile imegharimu nini.

11 Aprili

Jinsia. Gilman, mwandishi wa kike wa Marekani, alitoa kitabu chake 1898, mwaka mmoja baada ya amri. Hoja yake ni kwamba riziki ya mwanamke imepitishwa kwa mwanamume, kwa hiyo ndoa ni mapenzi na ni ajira. Ukikisoma kando ya kifungu cha masuria utadhani vimeandikwa meza moja. Na Durkheim, mwaka ule ule wa amri, 1897, katika kitabu chake cha kujiua, aliona kwa takwimu zake mwenyewe kwamba ndoa humkinga mume kuliko mke. Badala ya kuichunguza ndoa, akasema mwanamke kaumbwa na haja ndogo ya jamii.

Nisimpambe Gilman. Mwaka 1908 alipendekeza Weusi wa Marekani ambao kwa maoni yake hawajaendelea waandikishwe kazi kwa lazima. Aliyemwona mwanamke hakumwona mtumwa. Waliomwona mtumwa hawakumwona mwanamke. Suria alikuwa vyote viwili.

14 Aprili

Yule binti amenisubiri mlangoni.

“Mwalimu, nimefikiri. Tabaka lake halijulikani mpaka bwana afe.”

“Kwa nini?”

“Kama amezaa naye, siku hiyo anakuwa huru. Kama hakuzaa, anarithiwa pamoja na vyombo.”

Ndivyo fikihi inavyosema: mama wa mtoto wa bwana hauzwi, na bwana akifa yuko huru, asiyezaa ni sehemu ya mirathi. Wanawake wawili wamenunuliwa soko moja, kazi moja, chumba kimoja, na kinachowatenga ni tumbo. Marx anapanga watu kwa mali na kazi, Weber anaongeza heshima. Kati yao hakuna aliyeandika kwamba uzazi nao unaweza kuwa ngazi ya tabaka.

Muhula ujao jinsia naiweka wiki ya kwanza, na tabaka tutalisomea juu yake. Majaribio yatafute wiki nyingine ya kumeza.