Saa Janja Mkononi

Watu waliokipa chombo hiki jina la saa janja walichagua neno lenye sura mbili. Katika lugha yetu mjanja ni mtu mwepesi wa akili, ajuaye kupenya pale ambapo wenzake wamekwama. Tena mjanja ni yule akuuziaye kitu kisicho na thamani, nawe ukaenda zako ukimshukuru. Kila aivaaye saa hii hana budi kujiuliza amejifunga mkononi mjanja wa namna gani. Wengi wenu, wasomaji vijana, mnaitamani, na baadhi yenu mnayo tayari. Sina nia ya kumharibia mtu furaha yake. Nataka tuulizane jambo dogo: je, mtu wa kawaida, mwenye mshahara wa kawaida na haja za kawaida, anapata nini kwayo ambacho hakuwa nacho jana?

Nilizaliwa Makongeni, mtaa wa mashariki ya Nairobi uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ukazaliwa kando yake; basi si ajabu kwamba watu wa mitaa ile walifundishwa thamani ya dakika mapema. Mkulima aweza kuipima siku yake kwa jua na kivuli cha mti. Garimoshi halingoji kivuli. Baba yangu alifanya kazi ya kuunganisha na kutenganisha mabehewa, mpaka alipostaafu mwaka 2006, mwaka ule reli ilipokodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways. Alikuwa na saa ya mkononi ya kutia ufunguo. Kila jioni, redio ilipotoa milio yake ya kutangaza saa, aliivua, akailinganisha, akaitia ufunguo taratibu kwa vidole viwili, kisha akaiweka juu ya kabati mahali ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kugusa. Saa ile ilijua jambo moja tu, na jambo hilo ililijua barabara.

Hata saa ya mkononi yenyewe ilikuwa mgeni siku moja. Huko Ulaya ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake, na mwanamume alitembea na saa yake mfukoni, imefungwa mnyororo. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliyageuza mawazo hayo, kwa kuwa askari aliye shimoni, mkono mmoja umeshika silaha, hakuwa na nafasi ya kupekua mfuko ili ajue kama dakika ya kushambulia imefika. Haja ilitangulia, chombo kikaifuata. Mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkononi iendeshwayo kwa kijiwe cha kwazi na betri, na baada ya miaka michache saa iliyo sahihi ikawa kitu cha bei nafuu hata kwa maskini. Kampuni ya Apple ilianza kuuza saa yake janja Aprili 2015, na wengi wamefuata nyayo zake. Lakini safari hii nashuku kuwa chombo kimetangulia, na haja inatafutwa nyuma yake kwa taa.

Tuitazame basi. Ni simu ndogo iliyofungwa mkononi, ambayo aghalabu haiwezi kufanya mengi pasipo simu kubwa iliyo mfukoni. Hukuambia kwamba umepata ujumbe, na simu imekwisha kukuambia. Nyingi zenye uwezo mkubwa huhitaji kutiwa umeme kila siku mbili tatu, nyingine kila usiku. Na mtu ambaye nyumba yake hukatikiwa umeme jioni ataamka na kioo cheusi mkononi, kisichoweza kumwambia hata saa. Tena kuna jambo hili, ambalo kwangu mimi mwalimu wa Kiswahili si dogo. Sisi tuhesabuo saa tangu macheo tumekaa karibu na ikweta, mahali ambapo jua huchomoza karibu wakati ule ule mwaka mzima, na hesabu yetu ina akili yake. Mchana saa ikionyesha 13:00, mtoto husimama kwanza apige hesabu mbili kichwani, ndipo aseme saa saba. Sijaona dukani saa janja iliyokuja tayari kutuhesabia siku kama tuihesabuvyo wenyewe, ingawa hujisifu kwa kujua lugha nyingi.

Kazi ambayo watengenezaji huivumisha sana ni kuhesabu hatua. Kila asubuhi, kabla ya mwanga, watu wengi wa Makongeni na mitaa jirani walikuwa wakienda kwa miguu hadi eneo la viwanda ili nauli ya matatu ibaki kuwa unga wa jioni. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuambiwa kwamba ametembea. Miguu yake imekwisha kumwambia. Nimemwona kijana mmoja akipongezwa na saa yake kwa kutimiza hatua 10,000, naye amekaa juu ya jiwe, viatu amevivua, akipepea nyayo. Na hiyo 10,000 yenyewe ilitoka wapi? Ilitoka katika biashara. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kijichombo cha kuvaa kiunoni ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi. Namba ilikuwa ya mviringo, ya kupendeza masikioni, ikakaa. Mtafiti I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walipochunguza wanawake wazee wa Marekani, katika utafiti uliotolewa mwaka 2019, waliona kwamba waliotembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida ilikoma kuongezeka karibu na 7,500. Nakubali kwamba karani akaaye kitini kutwa hufaidika akikumbushwa kuinuka. Huyo anaye mtu wa kumkumbusha bure, naye ni mgongo wake.

Jambo la moyo ni zito zaidi, na hapa lazima tuwe waadilifu. Nyuma ya saa kuna taa ndogo za kijani. Damu hunywa mwanga wa kijani. Kila moyo upigapo, damu huongezeka katika mishipa ya mkono, mwanga urudio hupungua, na saa huhesabu kupungua huko na kukuambia mapigo yako. Ni fikra nzuri ajabu. Katika uchunguzi uliofanywa na Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na kampuni ya Apple, matokeo yake yakatolewa mwaka 2019, watu zaidi ya 400,000 walivaa saa hizo, na katika kila watu 200 ni kama mmoja tu aliyeonywa kwamba mapigo yake hayana mpango. Wale walioonywa wakakubali kuvaa kipimo cha hospitali na kukirudisha, thuluthi moja hivi walikutwa kweli wana ugonjwa wa moyo kwenda kombo. Wapo basi walioambiwa na saa jambo ambalo wasingalilijua. Mimi siwezi kuwadharau watu hao.

Walakini mwanga huo una mipaka. Mkanda ukilegea, hesabu huharibika. Rangi ya ngozi nayo hunywa mwanga. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walieleza kwamba kifaa cha hospitali kibanwacho kidoleni, kipimacho hewa ya oksijeni katika damu kwa mwanga, kilishindwa kutambua upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ikiwa kifaa cha hospitali hukosea hivyo, sisi wenye ngozi hii tuna haki ya kuuliza saa ilijaribiwa juu ya mikono ya nani.

Sasa nitaeleza lililonigusa. Mwaka 2023 mdogo wangu alimnunulia baba saa janja kwa Sh. 2,500 katika duka moja la mjini. Hakuinunua kwa ubishi. Aliinunua kwa upendo. Kasha lake lilitangaza kwamba saa hupima mapigo, oksijeni, sukari na presha. Baba alikuwa na presha kwa miaka mingi, akimeza vidonge kila siku na kwenda kliniki kila mwezi, akipanga foleni tangu alfajiri. Alipoivaa, saa ilimwambia 118 kwa 76. Kesho yake ikamwambia 116 kwa 75. Habari ilikuwa njema kila siku, na mtu gani hukataa habari njema? Mwezi wa kwanza aliikosa kliniki. Mwezi wa pili akaanza kumeza vidonge nusu, ili vikae. Nilipomwuliza, alinijibu kwa utulivu, "Mwanangu, kwa nini nikasimame foleni kuulizia jambo ambalo mkono wangu unanijibu?"

Kichwa kilianza kumuuma, na macho yakawa mazito. Si adabu kwa mwana kumwambia baba yake kwamba amedanganywa, hasa baba aliyeishi maisha yake yote kwa kuiamini saa. Jumamosi moja nilimwomba aniazime. Juu ya meza palikuwa na sahani ya ndizi mbivu. Niliifunga saa kwenye ndizi moja, nikaikaza mkanda, tukangoja. Taa za kijani zikawaka. Ndizi ilikuwa na mapigo 81 kwa dakika, na presha 117 kwa 75. Baba aliitazama kitambo kirefu, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Ndizi hii," akasema, "ina afya kuliko mimi."

Jumatatu tulikuwa kwenye foleni. Muuguzi alimfunga mkanda wa kujazwa upepo kwenye mkono wa juu, akasoma 186 kwa 108, akasoma tena, asimkemee. Alimwambia tu, "Mzee wangu, hii ni presha ya kukuangusha," akamwandikia kuanza upya. Saa ile haikuwa imepima chochote. Ilikuwa ikitoa namba za mtu mzima wa kubuniwa. Februari 2024 idara ya Marekani isimamiayo chakula na dawa ilionya watu wasitumie saa wala pete ziahidizo kupima sukari pasipo kutoboa ngozi, kwa sababu haikuwa imeidhinisha hata moja. Kuhusu presha, zipo saa chache za makampuni makubwa ambazo hukadiria kweli, lakini hata saa za Samsung zifanyazo hivyo humtaka mwenyewe azilinganishe kila baada ya wiki nne na kipimo cha mkanda wa upepo. Maana yake ni kwamba anayetaka kupimwa presha na saa lazima awe na kile kipimo ambacho saa inadai kumwepusha nacho.

Je, ni nani basi afaaye kuinunua? Mwanariadha, kwa hakika: mkimbiaji wa mbali hupata mwendo wake na mapigo yake bila kusimama, na hayo ni mali ya kazi yake. Kiziwi naye, saa itetemayo mkononi humwamsha asubuhi na kumjulisha simu, jambo ambalo kengele haikuweza kumtendea tangu dunia iwe. Mzee akaaye peke yake anaweza kuvaa ile itambuayo kwamba ameanguka, maadamu yupo mtu wa kuitikia wito huo. Kwa mwanafunzi sioni haja. Tena chumba cha mtihani wa taifa hakina nafasi kwa vyombo vya mawasiliano. Kwa wengine waliobaki, fikirini M-Pesa, iliyoanza Machi 2007. Haikuhitaji kusifiwa sana, kwa kuwa kila mtu wa Makongeni alikuwa na mama au bibi mashambani wa kupelekewa fedha, na simu ya bei ya chini kabisa ilitosha. Sijasikia jirani yangu hata mmoja akilalamika kwamba maisha yamemwia magumu kwa kukosa saa janja.

Mwezi uliofuata mimi na mdogo wangu tulichanga Sh. 3,800, tukamnunulia baba kipimo cha mkanda wa upepo, muuguzi akakilinganisha na chake na kutuambia kinafaa. Baba alifungua daftari la shule, akachora safu mbili, ya asubuhi na ya jioni. Baada ya majuma machache jirani mmoja alikuja kuomba kupimwa, kisha mkewe, kisha wazee wenzake wa reli, na Jumapili mchana kibaraza chake kikawa na watu. Alikuwa mkali juu ya utaratibu: kila mmoja alikaa kitini kimya dakika 5 kwanza, mgongo umeegemea, miguu imetulia chini, kama alivyofundishwa kliniki. Dakika hizo alizihesabu kwa saa janja, ambayo hakuivua, kwa maana katika kuonyesha wakati haikukosea hata mara moja.