Kamera ya Kuinamia

Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa na TANU mwaka 1973, lakini kwetu wakazi wa Nkuhungu mji ulianza kwenda mbio baada ya Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba Serikali sasa inahamia kweli. Tangu hapo viwanja vimepimwa, maghorofa yameota, na tembe, zile nyumba za Wagogo zenye paa bapa la udongo, zimezidi kuwa nadra. Picha za mabadiliko haya ni nyingi. Zilizo nyingi zinaonyesha utepe ukikatwa. Aliyeishi pale kabla ya utepe haonekani.

Ndiyo maana natafuta kamera ya filamu pana, ile inayoitwa 120. Ndugu msomaji, atakayesema simu inatosha hajakosea sana. Ila simu huibwa, na picha zake huondoka nayo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Zanzibar mwaka 1930, na Unguja ya kabla ya Mapinduzi bado tunaiona kupitia picha zake. Negativu haidai nywila wala chaji.

Katika aina hii hununui kamera tu. Unaingia katika ukoo mzima wa lenzi na vifaa, na kutoka ni gharama. Hasselblad ya Sweden, ambayo ndugu yake alifika mwezini na Apollo 11, hukuruhusu kubadili kasha la filamu kabla mkanda haujaisha. Ni mashine ya kutamanika, na bei yake inataka mtu mwenye posho za safari kuliko zangu. Mamiya RB67 ya mwaka 1970 hutoa picha 10 kubwa za sentimita 6 kwa 7, lakini ni nzito, na mimi huzunguka kwa bodaboda.

Nimechagua Mamiya C330. Ina lenzi mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Jozi hiyo hubadilishwa, jambo ambalo kamera nyingi za lenzi mbili haziwezi. Nitaanza na ya milimita 80. Haina betri hata moja. Ina kasoro yake: ukimsogelea mtu, lenzi ya chini haioni sawasawa kile ulichokiona juu, hivyo huna budi kuiinua kidogo kabla ya kupiga.

Kilichonishawishi zaidi ni namna inavyoshikwa. Huiinui usoni ukamlenga mtu kama bunduki. Unaiweka kifuani, unainamisha kichwa, unatazama kioo kilicho juu yake, na mzee uliyemfuata uani kwake anaendelea kukuona na kuzungumza nawe. Mkanda una picha 12 tu, kwa hiyo lazima kwanza uombe ridhaa, uulize jina, uandike.

Nitatumia nyeusi na nyeupe, kwa kuwa naweza kuisafisha nyumbani, siku ambazo maji yapo. Adui ni vumbi letu, linaloganda juu ya filamu mbichi likageuka madoa. Chapa ya kwanza ya kila picha itakwenda kwa mwenye sura yake, na fedha ya lenzi ya pili itasubiri hadi gharama hiyo ilipwe.