Umatengoni mashimo ni mengi kuliko ya gofu

Nikitaja neno klabu najua wewe mtoto wa mjini umeshafika mbali. Kuna aliyewaza muziki wa Jumamosi, kuna aliyewaza Simba na Yanga, na kuna aliyewaza pombe ya kienyeji na kigoda kilichovunjika mguu. Wote mko sawa. Ila leo tuongelee klabu ya aina nyingine, ile ya wenye nazo. Unanunua kiwanja, unashusha nyumba, na ukifungua dirisha asubuhi unatazamana na uwanja wa gofu. Geti moja, walinzi wa wote, bwawa la kuogelea la wote, na kamati inayoamua ukuta wako upakwe rangi gani.

Usidhani natunga. Arusha, upande wa Usa River, kuna Kili Golf, nyumba zimejengwa kandokando ya uwanja wa mashimo 18. Wakenya wanayo Vipingo Ridge kule Kilifi. Wazungu wa Nairobi walianza zamani, walipofungua Muthaiga Country Club siku ya mwisho ya mwaka 1913, na kwa miaka mingi Mwafrika aliingia pale akiwa amebeba sinia.

Sasa tangu lami ifike Mbamba Bay kutokea Mbinga, hapa mjini nimewasikia watu wawili watatu wakisema ufukwe wa Ziwa Nyasa ndiyo mahali penyewe pa kujenga klabu kama hiyo. Mchanga upo, maji yapo, milima ipo. Na mimi bwana sipendi kuhadithiwa. Nikafunga begi.

NANI ANALIPIA NYASI?

Kabla hatujapanda basi, tupige hesabu kidogo. Uwanja wa mashimo 18 unakula hekta 50 na zaidi. Zile nyasi unazoziona kwenye televisheni zinakunywa maji kuliko ng'ombe wa mnadani. Zinataka mbolea, mashine za kukatia na watu wa kuamka alfajiri kuzihudumia. Ongeza taa za barabarani, takataka, walinzi na dawa ya bwawa.

Pesa inatoka kwa wanachama. Kuna kiingilio, kuna ada ya mwaka, na mwenye nyumba anatoa mchango wa huduma hata kama tangu azaliwe hajashika gongo la gofu. Hapo ndipo balaa linapoanzia. Ugomvi wa sehemu kama hizo hauhusu sana nani kapiga mpira ukaenda mbali. Unahusu yule anayesimama mkutanoni na kusema: "Mimi sichezi gofu, kwa nini nilipie nyasi?" Kesho wa pili anasema yeye haogelei. Keshokutwa wa tatu anasema ana mlinzi wake mwenyewe. Wakifika kumi, bwawa limeota ukijani, nyasi zimekauka, na nyumba zote zimeshuka bei, hata ya yule aliyekuwa analipa.

Kwa hiyo meneja wa klabu ya namna hiyo unaweza kumwona anahangaika na nyasi, lakini kazi yake ni watu. Anatakiwa awafanye watu waliojifungia milango wakubali kwamba kuna kitu ni cha wote, na kwamba kitu hicho kina gharama. Shika hilo, twende Ruvuma.

MLIMA WENYE MASHIMO

Dar mpaka Songea ni karibu kilomita 1,000. Basi linaondoka watu bado wamelala, Makambako linakata kushoto, Njombe baridi inakukumbusha kila sweta uliloliacha nyumbani. Kutoka Songea ni kama kilomita mia nyingine hadi Mbinga. Ukishuka stendi na "mambo vipi" yako, wenyeji watakuitikia kwa adabu, lakini salamu yenyewe ya huku ni "Tumsifu Yesu Kristu", na unajibu "Milele, amina". Wamatengo wengi ni Wakatoliki, na kahawa yao usiiulize.

Toka nje ya mji, inua macho. Milima imesimama kama ukuta, na kwenye ule mteremko ambao mbuzi anaufikiria mara mbili, kuna mashamba. Ukitazama kwa mbali utafikiri mtu kaangika kitambaa cha mirabamiraba. Ukisogea unaona mashimo. Siyo 18 baba, mlima mmoja una mashimo maelfu, moja pembeni ya jingine, yamejipanga kama vyumba vya nyuki. Wenyewe wanayaita ngoro.

Ngoro inakwenda hivi. Mvua zikikaribia ukingoni, kama Machi, mwanamume anafyeka majani. Yakikauka anayapanga kwa mistari inayokatana, yanatokea maboksi. Hapo mwanamke anachukua jembe, anachimba udongo katikati ya boksi na kuyafunika yale majani. Katikati panabaki shimo, pembeni panakuwa tuta, na ndani ya tuta majani yanaoza kuwa mbolea. Maharage yanapandwa juu ya matuta, na baadaye shamba hilohilo linapokea mahindi. Mvua ikishuka kwa fujo, maji hayakimbii na udongo kwenda bondeni. Yanaingia shimoni, yanatulia, yananywewa na ardhi.

Wamatengo walibanwa kwenye milima hii katika karne ya 19, Wangoni walipokuwa wanawapiga na kuwateka. Walijazana kwenye miteremko, na ilibidi shamba dogo lishibishe watu wengi mwaka hadi mwaka. Ngoro ndiyo ikawalisha. Wataalamu wa kilimo kutoka pande nyingi za dunia wamefika kuitazama, na wengi wametikisa vichwa kwa heshima.

Lakini sikilizeni vijana wenzangu, tusipige picha tu. Nilijaribu jembe kwa mama mmoja pale shambani. Mashimo matatu mgongo ukaniambia kwaheri. Yeye aliinama kutoka asubuhi, na mwanaye mgongoni. Kama hii ni klabu, basi wanawake ndio wanaolipa ada kubwa kuliko wote, na mgeni asikwambie kitu kingine.

KULA PAMOJA NDIYO MKUTANO

Ardhi ya Wamatengo ilikuwa inakwenda kwa ntambo. Ntambo ni sehemu ya mlima iliyo kati ya vijito viwili, na ilikuwa chini ya ukoo mmoja. Ndani yake mna kila kitu: nyumba, migomba, kahawa, ngoro, na msitu uliotunzwa kwa ajili ya kuni na maji. Huwezi kujifanya huoni alichofanya ndugu yako, kwa sababu akifyeka msitu wa juu, kijito kinachokauka ni chako wewe wa chini.

Sasa watu hao waliongozwaje bila meneja? Kwa sengu. Ukoo ulikusanyika kwa mzee, chakula kikaletwa kutoka kila nyumba, watu wakala pamoja, na wakati wa kula mambo yakazungumzwa. Nani kagombana na nani, nani shamba limemshinda, kijana gani anataka kuoa na hana pa kujenga. Adabu ilifundishwa hapohapo, mkono ukiwa kwenye ugali.

Nilikaa na mzee mmoja wa huko milimani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umetokea wapi?"

"Dar es Salaam."

"Huko nasikia kila mtu anakula kwake, mlango umefungwa."

"Ndiyo mzee, ndivyo tulivyo."

Akanitazama kwa huruma kabisa. "Sasa jirani akilala njaa mnajuaje?"

Sikuwa na jibu. Kwa lugha ya klabu, ule mlo ulikuwa ni mkutano mkuu, ni ukaguzi wa hesabu na ni ada, vyote kwenye sinia moja. Nyumba isiyoleta chakula ilijulikana siku hiyohiyo, na watu waliuliza kuna nini. Hakuna aliyesubiri barua ya kukumbushwa deni.

Sengu ya kula pamoja ilififia kadiri familia zilivyojitenga na kahawa ilivyoleta pesa ya mtu mmoja mmoja. Ila wazo halikufa. Mwaka 1999 Chuo Kikuu cha Sokoine cha Morogoro kilianza mradi na Wajapani wa JICA huku Mbinga. Kijiji cha Kindimba kilipopata mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji, kamati ya kuisimamia ilibeba jina la Sengu. Mashine ya unga ni kama bwawa la kuogelea la klabu. Wote wanaitaka, wote wanaitumia, na ikiharibika kila mtu anamtazama mwenzake. Wenyeji walitafuta jina ambalo hata bibi kizee analielewa.

Msije mkafikiri Umatengoni kila kitu cha wote kinadumu. Mbinga ilikuwa na chama kikuu cha ushirika cha kahawa, MBICU, kilichokuwa kinawakopesha wakulima mbolea na dawa na kununua kahawa yao. Katika miaka ya 1990 serikali iliporuhusu wanunuzi binafsi, mkulima mwenye deni la mbolea kwenye chama aliweza kuuza kahawa yake kwa mtu mwingine, pesa mkononi. Madeni yakalala, chama kikaanguka. Ni yuleyule bwana wa "kwa nini nilipie nyasi", ila safari hii kavaa gambuti. Siku hizi kahawa inapitia vyama vya msingi, na wazee wanavitazama kwa jicho moja wazi na jingine limefumba.

UFUKWENI

Kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay haifiki kilomita 70, na njia yote ni kushuka na kukata kona. Baridi inabaki nyuma, masikio yanaziba, na ghafla mbele yako maji yanafika mpaka mbinguni. Ziwa lipo kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, kina chake kinapita mita 700 sehemu nyingine, na samaki wake ni wa aina nyingi kuliko ziwa lolote duniani. Nilikula mbasa wa kuchoma kwa ugali wa muhogo, sitaki kuongea zaidi.

Nenda na Liuli, kaskazini kidogo. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba unaofanana na lile sanamu la Misri. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa pwani kutengenezwa. Nahodha Rhoades na nahodha Berndt walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita imeanza. Wenyeji, wenye ufukwe wao, hakuna aliyewauliza.

Na hilo la kutoulizwa ndilo linalonitia wasiwasi leo. Mwaka 2012 Nyasa ilikatwa kutoka Mbinga ikawa wilaya, lami imefika, na Mamlaka ya Bandari imeingia Mbamba Bay kujenga bandari mpya. Bei ya ardhi haijifichi. Nilimuuliza kijana mmoja mvuvi, wa rika langu, kama angeuza kiwanja cha baba yake kilichopo karibu na maji.

"Kaka, pikipiki ni pesa ngapi?" akanijibu.

Simlaumu. Lakini tazama ufukwe wenyewe saa 12 asubuhi. Mitumbwi inaingia, kinamama wanapokezana ndoo, dagaa wanaanikwa, watoto wanaoga kabla ya shule, na jioni palepale ni uwanja wa mpira. Ni jiko, bafu, soko na bandari. Ukiweka geti hapo, unakuwa umewafungia watu nje ya nyumba yao.

Sheria hazijalala. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Sheria hizo ni nzuri, lakini haziendi mkutanoni zenyewe. Wanakwenda watu. Na mkutano ukiitishwa wakati vijana wako kwenye mitumbwi au Dar, wachache wanaamua, na wengine wanakuja kusoma kibao kilichoandikwa "Eneo Binafsi".

Sina ugomvi na gofu. Mtu akija na mpango wake, ajenge juu kidogo, mbali na maji, aajiri watu, alipe kodi. Ila kwanza akae chini na wenyeji, ale nao, waseme njia ya mitumbwi inapita wapi, maji ya kumwagilia nyasi zake yanatoka kijito gani, na wa chini watabaki na nini.

Na nyie vijana wa Nyasa na Umatengoni mliopo huku mjini, mnaosoma safu hii kwenye daladala: ukipigiwa simu kwamba kuna mkutano wa ardhi kijijini, usiseme "amueni tu". Tuma neno lako, na nauli ikipatikana nenda mwenyewe. Hiyo ndiyo ada yako, na muda wa kuilipa ni kabla geti halijawekwa.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, nitawapeleka kwingine.