Filamu Zilizofika Msimbati: Tano Bora Zangu na Msimu wa Tuzo

Kila mwaka kaskazi ikianza kuvuma, wenzetu wa Marekani na Ulaya huanza kutoa orodha zao. Kumi bora za mwaka, ishirini bora za mwaka, kisha Golden Globes Januari, BAFTA Februari, Oscar Machi. Kwetu Mtwara huo ndio wakati korosho zimeshauzwa, hela imeingia na nyingine imeshatoka, na vijana wanaouza muvi wana kazi kuliko miezi yote. Mimi nami hutoa orodha yangu, ila huitoa kwa kuchelewa, kusi ikishaanza, kwa sababu ina kanuni moja ambayo orodha za wenzetu hazina. Sihesabu filamu zilizotoka mwaka huo. Nahesabu zilizofika.

Nieleze kidogo. Msimbati hatuna ukumbi wa sinema. Tuna kibanda umiza: benchi za mbao, televisheni moja, spika mbili, na ratiba inayotawaliwa na mpira. Yanga au Simba wakicheza, filamu inasubiri. Muvi zenyewe zinatoka mjini kwenye flashi, na nyingi zinakuja na DJ ndani yake, yaani ile sauti inayotusimulia kwa Kiswahili huku Mkorea au Mhindi akisema yake. Wakenya wana DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo, sisi tulimsikiliza Lufufu. Kwa hiyo filamu inaweza kutufikia mwezi mmoja baada ya kutoka, au miaka saba, au isifike kabisa. Kwa mtazamaji wa hapa, mwaka ulioandikwa kwenye jalada una maana ndogo sana.

Basi hizi ndizo tano zangu, kuanzia ya mwisho kupanda juu.

Ya tano ni Watu Wote, filamu fupi ya dakika 22 iliyoongozwa na Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa filamu Hamburg, Ujerumani. Inatokana na tukio la Desemba 2015 kule Mandera, Kenya, ambapo magaidi walisimamisha basi wakataka Wakristo watengwe, na abiria Waislamu wakakataa kuwatoa wenzao. Watu wanazungumza Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu fupi. Haikushinda. Hapa kwetu iliangaliwa kimya kimya. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, humu humu Mtwara, kilishambuliwa na watu waliovuka mto kutoka Msumbiji, na tangu hapo neno "gaidi" si neno la kwenye muvi tu. Mzee mmoja alipotoka alisema, "Wale kina mama waliokuwa wanagawa mitandio, hao ndio wanaume." Sina uchambuzi unaoshinda huo.

Ya nne, Supa Modo ya Likarion Wainaina, kutoka Kenya, mwaka 2018. Ndiyo iliyochukua miaka saba. Jo ni mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona, na anapenda filamu za mashujaa kufa. Mama yake anamrudisha nyumbani ili siku zilizobaki awe naye. Dada yake hakubali mtoto akae ndani kungoja, na mwishowe kijiji kizima kinakubaliana kumtengenezea filamu ambayo shujaa wake ni yeye. Vijana waliokuja wakitegemea mapigano walikaa mpaka mwisho. Baadaye mmoja aliniuliza, "Bro, kwani sisi tukitaka kutengeneza yetu tunaanzia wapi?" Sijawahi kuulizwa swali hilo baada ya filamu ya Marekani, hata iwe nzuri vipi.

Ya tatu, Flow, ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia. Ni katuni ya mwaka 2024. Maji yanapanda yanafunika dunia, na paka mmoja anajikuta kwenye chombo cha tanga pamoja na mbwa, kapibara, ndege mrefu wa miguu na mnyama mmoja anayefanana na komba. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Ilitengenezwa kwa Blender, programu ya kompyuta ambayo mtu yeyote anaweza kuipata bure, na ikazishinda katuni za makampuni makubwa, ikiwemo Inside Out 2.

Nilikuwa na wasiwasi, maana filamu isiyo na maneno haina kazi ya DJ. Kumbe kila mtu kibandani aligeuka DJ. Watoto walimsemea paka. Wavuvi wao walibishana kuhusu tanga na usukani, kwamba yule ndege anajua kazi lakini chombo kimepakiwa vibaya. Na maji yalipofika juu ya miti hakuna aliyecheka. Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipita pwani hii, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam kuja Lindi na Mtwara, na tunajua maana ya kuamka ukakuta njia imekuwa mto.

Ya pili ni Ainda Estou Aqui ya Walter Salles, kutoka Brazili. Jina lake maana yake "bado nipo hapa". Ni habari ya kweli. Januari 1971, chini ya utawala wa kijeshi, Rubens Paiva, aliyewahi kuwa mbunge, anachukuliwa nyumbani kwake Rio de Janeiro na harudi tena. Mkewe Eunice naye anawekwa ndani siku kadhaa, kisha anatoka na kulea watoto watano, anasoma sheria ukubwani, na anaidai serikali ukweli mpaka mwaka 1996 anapokabidhiwa cheti cha kifo cha mumewe. Mwili haukupatikana. Fernanda Torres, aliyeigiza Eunice, halii hovyo. Anapanga watoto kwa ajili ya picha, na mwandishi wa gazeti anapotaka wakae kwa huzuni, yeye anawaambia watabasamu.

Hii ilifika bila DJ na bila maandishi ya Kiswahili, Kireno kitupu. Tungeizima. Lakini alikuwepo mama mmoja aliyekulia ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma, na Kireno alikisoma shule. Akaanza kutufasiria polepole, kwanza mistari miwili mitatu, mwisho kila kitu. Palma ilishambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na pwani hii, ambako ukoo mmoja una makaburi pande zote mbili za mto, wapo watu ambao ndugu zao hawajasikika tangu siku hiyo. Ilipofika sehemu ya cheti, yule mama alinyamaza kidogo. Halafu akasema, "Wamempa karatasi." Akaendelea kufasiri. Nimesoma sifa nyingi za filamu hii, na nyingi ni za haki. Ila mwaka huu hakuna aliyenifafanulia filamu kama alivyofanya yeye kwa maneno mawili.

Sasa kabla ya ya kwanza, niseme kuhusu tuzo zenyewe.

Oscar za mwaka 2025 zilitolewa jioni ya tarehe 2 Machi kule Los Angeles, ambayo hapa ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Ramadhani ndiyo imeanza. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuhitaji kutega saa, maana nyumba nzima iliamka kula daku. Flow ilipotajwa nilikuwa na sahani ya viazi mbele yangu na simu pembeni. Ya Brazili niliipata alfajiri, na kwao ilikuwa Oscar ya kwanza kabisa. Nilifurahi kama vile nami ni Mbrazili. Mke wangu aliuliza kama kuna ya Tanzania. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Haya, funga na wewe," akaenda kulala.

Swali lake ndilo nililobaki nalo. Kwa tuzo ya filamu ya kimataifa, kila nchi hupeleka filamu moja tu. Tanzania ilipeleka Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill mwaka 2001, kisha ikanyamaza zaidi ya miaka 20, mpaka ilipopeleka Vuta N'kuvute ya Amil Shivji mwaka 2022. Na kuna sharti moja ambalo watu hawalizungumzii. Ili filamu iiwakilishe nchi, lazima iwe imeonyeshwa kwenye ukumbi wa biashara kwa siku saba mfululizo. Siku saba, ukumbi mmoja, yatosha. Kwa sheria hiyo filamu inaweza kuiwakilisha Tanzania yote hata kama haijavuka Mto Rufiji.

Silaumu watengenezaji. Kutengeneza filamu ni gharama, na kijana anayeuza flashi hampelekei mwongozaji hata shilingi. Lakini nakumbuka Machi 2016, Elizabeth Michael, Lulu wetu, na Single Mtambalike, Richie, waliporudi na tuzo za AMVCA kutoka Lagos. Hata huku kijijini watu walishangilia kama timu imeshinda, maana hao tulikuwa nao sebuleni. Tangu enzi za Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, CD za Bongo Movie zilifika kila kona penye televisheni. Ukimwona kwenye jukwaa mtu ambaye filamu zake umezilia nyumbani kwako, tuzo yake nawe unaihesabu kuwa yako. Siku hizi tuzo zimeongezeka na filamu zimekuwa bora, kwa kweli bora sana, ila nyingi zinaishia kwenye matamasha na kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, na kijijini tunapata picha ya mtu ameshika kikombe.

Nimefurahi kwamba Tuzo za Filamu Tanzania zimezunguka mikoani, Mbeya mwaka 2021 na Arusha mwaka 2022. Ni jambo jema. Ningeomba filamu nazo zizunguke. ZIFF wamewahi kupeleka maonyesho vijijini Unguja na Pemba, na wazee wa hapa bado wanasimulia gari la sinema lililokuwa linakuja na kitambaa cheupe na jenereta. Haihitaji teknolojia mpya. Mnazi Bay, hapa hapa jirani, gesi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu 2015 inakwenda Dar es Salaam kwa bomba la zaidi ya kilomita 500. Kama tuliweza hilo, spika na projekta haziwezi kutushinda. Kiwepo kigezo kimoja tu kwenye mashindano yetu: filamu iliyoonyeshwa kwenye mikoa mitano ipate alama ambazo ya mkoa mmoja haipati, na tiketi za huko zimlipe mwenye kazi.

Ya kwanza, basi, ni Vuta N'kuvute, na kwa kanuni yangu inaingia kwa shida. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, ikachukua Tanit ya Dhahabu kule Carthage, Tunisia, mwaka 2022. Mimi nimeiona mwaka huu, Dar es Salaam, nilipokwenda kwa shughuli nyingine. Wengi wetu tuliisoma riwaya ya Adam Shafi kidato cha tano na sita, kwa ajili ya mtihani, tukikariri dhamira na wahusika. Kumbe ilikuwa hadithi. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, anatoroka ndoa na kukimbilia Ng'ambo kwa Mwajuma, na huko anakutana na Denge, anayesambaza vijikaratasi vya kupinga ukoloni. Zanzibar ya miaka ya 1950 imepigwa kwa rangi za kuiva, taarabu inapita kama mtu anayekaa mtaani pale, na Ikhlas Gafur Vora kama Yasmin anasema mengi kwa macho kabla hajafungua kinywa. Na Kiswahili! Nilikaa nusu saa nikiona kuna kitu kinapungua, nikaja kugundua ni DJ. Nilikuwa naisikia pwani ikijisemea yenyewe.

Niliporudi nilitaka kuionyesha, sikuwa na njia ya halali. Kwa hiyo siku moja umeme ulipokatika kibandani nikaisimulia kwa mdomo, kuanzia ndoa ya Yasmin mpaka mwisho, nikiigiza sauti za watu wote. Ilichukua karibu saa nzima. Wasichana wawili walitaka kujua kama Mwajuma alikuwa na mume. Mzee wa mitandio aliuliza Denge alilipwa na nani. Halafu wakauliza lini inakuja, na mimi nikawaambia kwamba hilo si mimi wa kujibu.

Mwaka huu naiweka namba moja kwa sababu ndiyo bora niliyoiona. Ikifika Msimbati nitaiweka namba moja tena, hata kama ni mwaka 2030.