Mota Haichoki, Wala Haisikii

Huku Bukiriro, wilaya ya Ngara, mtama una kazi nyingi. Tunapika ugali wa mtama. Tunapika uji wa mtama. Na tunatengeneza pombe. Ndizi mbivu hukamuliwa maji yake matamu. Maji hayo hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha hufunikwa. Kesho yake ni pombe. Iko pia pombe ya mtama mtupu. Hiyo hutaka kimea, yaani mtama uliochipuzwa, ukaanikwa na kusagwa.

Pombe hii ni ya harusi. Ni ya kuwashukuru majirani waliokuja kukusaidia kulima. Kwa akina mama wengi ni fedha pia: fedha ya madaftari, ya sabuni na ya dawa.

Lakini kabla ya pombe iko kazi ya kusaga. Bibi zetu walisaga kwa jiwe. Walipiga magoti asubuhi, na jua likiwa kichwani walikuwa bado wamepiga magoti. Baadaye zikaja mashine ndogo za chuma za kuzungusha kwa mkono. Zilipunguza kazi, lakini bega bado linauma.

Sasa umeme umeingia vijijini. Mto Kagera unapoporomoka pale Rusumo, hapa hapa wilayani Ngara, maji yake yanazungusha mitambo mitatu ya umeme. Nguvu yake yote ni megawati 80, nazo hugawanywa sawa kwa nchi tatu: Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo watu wananiuliza, "Bwana shamba, je, tunaweza kufunga mota kwenye mashine ya mkono, tusage kimea nyumbani?"

Jibu langu ni ndiyo. Inawezekana, na ni jambo jema. Mashine kubwa ya kijiji husaga unga laini sana, na kimea cha pombe hakitaki unga laini. Unga laini hufanya uji mzito, na kuchuja kunakuwa kazi. Tena kwenye mashine kubwa kimea chako huchanganyika na mahindi ya mwenzako. Mashine ndogo ya nyumbani hupasua punje tu, nayo yatosha.

Lakini kabla hujanunua mota, soma kwanza habari hii mpaka mwisho.

MKONO HUFANYA KAZI TATU

Siku moja nilikaa na mama mmoja alipokuwa akisaga kimea kwa mashine ya mkono. Nilitazama saa yangu na kuhesabu. Alizungusha mpini mara 50 hivi kwa dakika moja. Ghafla akasimama. Akafungua mashine, akatoa kijiwe kidogo kama punje ya mtama. Mimi sikuwa nimesikia kitu. Yeye alisikia kwa mkono wake.

Akaendelea. Baada ya muda akapumzika, maana mkono ulichoka. Alipopumzika, mashine nayo ilipoa.

Basi nikaona kwamba mkono haufanyi kazi moja. Hufanya kazi tatu. Unazungusha. Unasikia. Na unachoka. Ukifunga mota, mota itafanya kazi ya kwanza tu. Haisikii jiwe. Haisikii kidole. Wala haichoki. Kazi hizo mbili zilizobaki ni lazima uzifanye wewe.

PUNGUZA MWENDO

Wewe sasa unajua kusoma. Utumie ujuzi huo. Tazama kibati kilichobandikwa kwenye mota. Tafuta herufi RPM. Namba iliyo karibu na herufi hizo ni mizunguko ya mota kwa dakika moja. Mota nyingi zina mizunguko karibu 1440. Nyingine zina karibu 2880. Chagua ile yenye namba ndogo.

Sasa linganisha. Mkono wa mama yule, mara 50. Mota, mara 1440. Ukiiunganisha mota moja kwa moja na mashine ya mkono, kimea kitatoka cha moto, na joto kali hupunguza nguvu ya kimea. Meno ya kusagia yatalika upesi. Mashine yenyewe inaweza kupasuka.

Dawa yake ni puli mbili na mkanda. Puli ndogo iwe kwenye mota. Puli kubwa iwe kwenye mashine. Ni kama baiskeli inayopanda mlima: ukitaka nguvu, ukubali kwenda polepole.

Puli kubwa ya dukani ina bei. Lakini rimu ya baiskeli kubwa ya inchi 28, ikiwa haina tairi, ina upana wa inchi 25 hivi. Fundi wa kuchomelea anaweza kuifunga imara kwenye shafti ya mashine badala ya mpini. Hesabu yake ni hii:

Rimu ni inchi 25. Puli ya mota ni inchi 2 na nusu.
25 gawanya kwa 2 na nusu ni 10.
1440 gawanya kwa 10 ni 144.

Mashine sasa itazunguka mara 144 kwa dakika. Kwa kupasua kimea, mwendo huo wafaa. Usizidishe 200. Mota ya nusu hosipawa yatosha kazi hii.

Usikaze mkanda kupita kiasi. Jiwe likinasa, ni afadhali mkanda uteleze kuliko meno yavunjike. Washa mota kwanza, mashine ikiwa tupu, ndipo umimine nafaka kidogo kidogo. Mashine hizi hazina beringi nzuri, kwa hiyo zinataka mafuta mara kwa mara. Mahali panapopita unga tumia mafuta ya kupikia, usitie grisi.

FUNIKA MKANDA

Hapa nakuomba usome polepole.

Katika kijiji kimoja niliona msichana aliyeshikwa na mkanda wa mashine. Alikuwa akimimina nafaka. Ncha ya kanga yake iligusa mkanda. Mkanda ukavuta kanga, na kanga ikavuta mkono. Aliyekuwa karibu na swichi alikimbia kuzima, lakini ilikuwa imekwisha kuwa. Msichana alipona. Vidole vyake viwili havikurudi.

Mkanda ule haukuwa na kifuniko. Kifuniko chenyewe ni sanduku la mbao au la bati, kazi ya nusu siku kwa seremala. Basi usiwashe mota kabla kifuniko hakijafungwa. Na haya uyashike:

Swichi iwe mahali ambapo anayemimina nafaka anaifikia bila kutembea.
Kanga ifungwe vizuri, mikono ya nguo ikunjwe, nywele zifunikwe.
Kitu kikinasa, zima kwanza. Usitie kidole wala kijiko mashine ikizunguka.
Watoto wakae mbali.
Waya zifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni, pamoja na waya wa kwenda ardhini.

Kama kwako hakuna umeme na unatumia injini ya petroli au dizeli, iweke nje. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu. Ndani ya nyumba iliyofungwa, hewa hiyo huua watu kimya kimya.

KIMEA KIWE SAFI

Mkono ulisikia jiwe. Mota haisikii. Kwa hiyo jiwe litolewe kabla. Pepeta mtama. Chagua mawe na misumari. Kazi hii ya nusu saa huokoa mashine.

Kisha tengeneza kimea kama kawaida. Loweka mtama muda wa siku moja. Chuja maji. Tandaza kwenye majani ya mgomba, funika, na nyunyizia maji. Baada ya siku tatu au nne umechipua. Anika juani mpaka ukauke kabisa. Kimea kibichi huziba mashine.

Kabla ya kusaga, fikicha vichipukizi na mizizi, kisha pepeta. Mtama uliochipua una kitu kinachoweza kuwa sumu, kama ile ya muhogo mchungu. Kukausha, kuondoa vichipukizi na kuchemsha vizuri huipunguza. Usiwape watoto wala mbuzi vichipukizi vibichi.

Ukiona kimea chenye ukungu wa kijani au mweusi, kitupe. Usiseme, "Ni cha pombe tu." Ukungu unaweza kuleta sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa kula nafaka yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kuchachusha pia hakuiondoi.

Mwisho, rekebisha meno ya mashine. Saga konzi moja, uitazame kiganjani. Punje iwe imepasuka vipande vitatu au vinne. Ikitoka nzima, kaza kidogo. Ikitoka unga mtupu, legeza.

HESABU GHALA KABLA YA KUWASHA

Nilisema mkono unachoka. Kuchoka kule kulikuwa na faida yake. Zamani mama alisaga kimea cha mtungi mmoja, bega likauma, akaacha. Mtama uliobaki ulikaa ghalani. Ulikuwa chakula cha miezi ya njaa.

Mota haitaacha. Debe la kwanza litapita, la pili litapita, la tano litapita. Pombe itauzwa, fedha itaingia, na watu watafurahi. Halafu mvua zichelewe. Fedha ya pombe itarudi dukani kununua unga kwa bei kubwa kuliko ile uliyouzia mtama wako.

Kwa hiyo chukua kalamu na daftari. Andika madebe uliyovuna. Toa kwanza chakula cha nyumba mpaka mavuno yajayo. Toa mbegu. Toa akiba kidogo ya mvua mbaya. Kinachobaki ndicho cha pombe. Namba hiyo iandike kwa chaki ukutani, juu ya swichi ya mota. Ikifika, mota ipumzike.

NANI MWENYE MASHINE?

Jambo moja bado, nalo linatuhusu sisi wanaume. Pombe ya nyumbani imekuwa kazi ya akina mama. Wao ndio waliopiga magoti kwenye jiwe. Lakini mashine ikija, sisi wanaume husogea karibu. Mara tunashika ufunguo. Mara tunashika na fedha. Madaftari ya watoto yanakosekana, na mama anabaki kuomba fedha ya jasho lake.

Si haki. Kama mota imenunuliwa kwa ajili ya kimea cha mama, daftari la hesabu alishike mama. Kama akina mama watano au sita wamechanga, waandike majina yao na kiasi alichotoa kila mmoja. Kabla ya kuuza pombe, waende kwa mtendaji wa kata waulize habari ya leseni. Kwa ushauri wa mashine, SIDO iko Bukoba, na kazi yake ni kuhudumia viwanda vidogo.

Ndugu msomaji, soma habari hii pamoja na wenzako. Kisha ulizaneni: Mota tunayotaka kununua ina RPM ngapi? Kifuniko cha mkanda atakitengeneza nani? Ghalani mna madebe mangapi, na mangapi ni ya chakula? Mkiwa na majibu matatu, mwiteni fundi. Mkikosa hata moja, ngojeni kwanza. Jiwe la bibi liko pale pale, nalo halijamkata mtu kidole.