Mashine ya salfa ikikataa kuwaka alfajiri, usikimbilie dukani

Msimu wa kupulizia mikorosho unakaribia, na safari hii siandiki kuhusu dawa. Naandika kuhusu mashine ya kupulizia, hasa ile ya zamani ambayo mchana inawaka vizuri lakini alfajiri inakataa kabisa. Kuna bibi mmoja wa hapa Newala nilimtia hasara kwa jambo hili, na sipendi wewe ulipie somo hilo hilo mara ya pili.

Tukumbushane kwanza kwa nini alfajiri ni muhimu. Salfa ya unga hupulizwa mapema, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa bado na umande, ili unga ushike. Jua likipanda na upepo ukianza, salfa uliyoinunua inakwenda kwa jirani. Ubwiriunga nao haukusubiri. Unashika majani machanga, maua na korosho changa, na maua yanakauka kabla hayajafunga. Kwa hiyo una saa chache tu. Mashine ikiwaka saa nne, siku hiyo imepotea.

Bibi huyu alichoka kuwa wa mwisho kwa vijana wa kupulizia wa kukodi. Alipopata malipo ya korosho akaamua kununua mashine yake, iliyotumika. Akaniomba nimsindikize mjukuu wake Masasi kuichagua. Tulifika saa saba mchana, jua la Masasi mnalijua. Muuzaji akavuta kamba mara moja, mashine ikanguruma. Nikasema, "Hii nzima." Sikugusa hata injini kujua kama ilikuwa ya baridi au ilishawashwa kabla hatujafika.

Newala ni juu, uwandani. Alfajiri ya Julai kuna ukungu, na mtu anatoka nje na sweta. Siku ya kwanza kijana alivuta kamba mpaka mkono ukavimba. Nikapigiwa simu, nikajibu kwa haraka: "Badilisha plagi." Wakabadilisha, mashine ikagoma. Siku ya pili nikasema ni kabureta. Bibi akatoa hela, kabureta ikaletwa kutoka Masasi, mashine ikagoma tena. Wakati huo unga mweupe ulishaonekana kwenye maua.

Ndipo akaitwa mzee mmoja fundi wa pikipiki. Hakuuliza tumenunua nini. Aliuliza, "Mashine imelala wapi?" Ikaonekana ililala nje, chini ya mkorosho. Akafungua plagi, akaitazama, ilikuwa imelowa petroli. Akasema, "Mafuta yanafika. Kabureta ya nini?" Akaangalia cheche: nyekundu na dhaifu. Akafuata waya wa plagi kwa kidole mpaka karibu na kofia yake, akakuta ufa mdogo wenye unyevu. Umeme ulikuwa unavujia hapo kabla ya kufika kwenye plagi. Mchana waya ukikauka, mashine inawaka. Alikata kipande chenye ufa, akarudisha kofia, akaikausha plagi. Ikawaka. Hakikununuliwa kitu.

Bibi aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, ungesema tu hujui."

Alikuwa na haki. Stashahada yangu ni ya kilimo, si ya injini. Lakini mkulima akimuuliza bwana shamba anategemea jibu lililofikiriwa. Tangu siku ile nimekaa na mafundi nikajifunza utaratibu huu. Ufuate kwa mpangilio, mashine ikiwa ya baridi.

1. Mafuta. Mwaga petroli iliyobaki tangu msimu uliopita. Petroli ikikaa, ile sehemu nyepesi inayoshika moto haraka huruka, na inayobaki huacha utando unaoziba matundu ya kabureta. Changanya mpya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine yako. Kikiwa 25 kwa 1, lita 5 za petroli zinataka mililita 200 za oili ya 2T. Oili ikizidi, plagi inachafuka na mashine inakuwa ngumu kuwaka. Ikikosekana kabisa, pistoni itakwama na mashine itakuwa imekufa.

2. Choki. Ya baridi inataka choki ifungwe. Vuta mara tatu au nne, ukisikia imekohoa, ifungue nusu, uvute tena. Ukiendelea kuvuta huku choki imefungwa, unaizamisha kwa mafuta.

3. Plagi. Ukivuta mara kumi bila mafanikio, simama, ifungue na uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: angalia koki, chujio la ndani ya tenki, tundu la hewa kwenye mfuniko wa tenki, kisha kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika na tatizo ni cheche au hewa. Hapa ndipo hela za watu wengi zinaokolewa.

4. Cheche. Funga koki na sogea mbali na petroli na mifuko ya salfa, kwa sababu unga wa salfa unashika moto. Rudisha plagi kwenye kofia yake, ishike kwa koleo lenye mpira, chuma chake kiguse injini mbali na tundu lake, mwenzako avute kamba. Cheche ya bluu ni nzima. Nyekundu au hakuna: futa waya na kofia kwa kitambaa kikavu, ujaribu tena. Ikibadilika baada ya kufuta, umeshapata ugonjwa. Angalia pia waya wa swichi ya kuzimia, ukichubuka na kugusa chuma, unaizima mashine muda wote.

5. Hewa. Chujio la hewa la mashine ya salfa huziba kwa unga wenyewe. Likiziba ni kama choki imefungwa siku nzima, na plagi italowa kila mara. La sifongo lifue kwa sabuni, likauke vizuri. La karatasi likung'ute, likichoka badilisha.

6. Nguvu ya injini. Vuta kamba polepole. Inatakiwa ikubishie. Ikija laini kama kamba ya kisima, tia kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, uvute. Ikibisha zaidi na ikawaka, ringi zimechoka. Hapo ndipo unamtafuta fundi na unatafuta hela.

Mashine iliyozama kwa mafuta usiilazimishe. Toa plagi, funga koki, fungua choki, inamisha tundu chini, vuta mara kadhaa, kausha plagi, kisha anza upya.

Ukinunua iliyotumika, weka kiganja karibu na sailensa kabla ya kukubali iwashwe. Ikiwa ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi na mapema. Akikataa, ondoka. Ukiwa nayo nyumbani, ilaze ndani, na msimu ukiisha iachie bila mafuta.

Bibi alivuna mwaka ule, lakini chini ya alichotarajia, maana mzunguko wa kwanza ulichelewa na salfa haifufui ua lililokwisha kukauka. Kabureta ile ya zamani, ambayo ilikuwa nzima, ameiweka kwenye kabati. Nikipita ananionyesha, anacheka. Mimi sicheki sana.

Mwaka huu kwenye vijiji vyangu ninaomba mlete mashine kabla ya msimu kuanza, saa kumi na mbili asubuhi, zikiwa za baridi. Usiiwashe njiani ili ionekane nzima. Ikatae mbele yetu, tuone inakataa wapi. Na nisipojua, safari hii nitasema sijui, tumwite mzee fundi.